Kizibao cha Nne

Kitambaa kilitosha vizibao vinne, basi. Mwalimu wa hisabati alikileta mwenyewe, kimefungwa kwenye gazeti, akakiweka juu ya meza ya kukatia na kukishikilia kidogo kabla ya kukiachia.

"Fundi, shule imepata kipande hiki hiki," akasema. "Ukikosea mkasi, tumekwisha."

"Mimi nikosee?" Fundi alicheka mpaka pini alizozibana midomoni zikacheza. "Mwalimu, hilo gauni ulilovaa limeshonwa na nani?"

Mwalimu naye akacheka. Akatoa ratiba ya chama cha hisabati, karatasi moja iliyochapwa, akaomba ibandikwe ukutani ili wazazi wanaokuja kushonesha waisome. Jumatatu na Alhamisi, mkutano wa chama baada ya masomo. Jumamosi hii, pambano la kuchuja. Jumatatu ijayo, majina. Ijumaa yake saa sita mchana, mwisho wa kurudisha fomu. Jumamosi na Jumapili, safari: siku ya kwanza mashindano na shule thelathini, siku ya pili kutembelea kituo cha hali ya hewa. Chini kabisa pameongezwa kwa kalamu: wanaokwenda ni wanne, na mmoja wa akiba anayebaki nyumbani.

"Watatu hata wewe unawajua, hawana mpinzani," mwalimu akasema. "Nafasi ya nne ndiyo wanaigombea hawa wako wawili. Wapime wote, lakini kizibao cha nne usikikate mpaka Jumatatu."

"Nimekusikia, mwalimu."

Alisikia, ndiyo. Kusikia hakumchoshi mtu.

Hao wawili walikuwa binti yake wa kumzaa na mtoto wa mdogo wake. Binti huyo, baba yake alimpachika jina la Bosi, kwa sababu tangu hajaota meno alikuwa akinyoosha kidole na watu wazima wanakwenda. Yule mwingine aliitwa Chaki. Alikuja miaka mitatu iliyopita na begi moja, mama yake alipopata kazi mbali, na wiki ya kwanza tu alianza kuokota vipande vya chaki ya kushonea na kuandika hesabu sakafuni. Fundi akawa kila asubuhi anafagia nambari. Wote walikuwa na miaka kumi na mitano, Bosi akimzidi mwenzake miezi minne, na hiyo miezi minne aliitumia vizuri: Chaki alimwita dada, na maji ya kuoga alikuwa wa pili.

Sasa tusidanganyane. Fundi hakuwa mwanamke mbaya. Chaki alikula alichokula Bosi, akavaa alichovaa Bosi, na alipougua alipelekwa hospitali mgongoni. Lakini kuna mambo ambayo mtu anayatoa kwa moyo mweupe, chakula, nguo, kitanda, halafu kuna jambo moja hawezi kulitoa. Mtoto wa mdogo wake kumpita mtoto wake kichwani, hilo lilimkaa kooni kama mfupa. Mdogo mtu mwenyewe ndivyo alivyokuwa darasani. Sasa kaleta na mbegu yake.

*

Chama cha hisabati kilikuwa na mtindo wake. Mwalimu hasahihishi daftari la mtu. Ukimaliza swali, unampa mwenzako, naye kazi yake ni kulivunja: atafute pale ulipodanganya, ulipokisia, uliporuka hatua. Akishindwa kulivunja, anaandika chini "Nimekagua" na kutia saini. Bila saini ya mkaguzi, swali halihesabiwi, hata kama jibu ni sahihi kama saa. Bosi na Chaki walikuwa wakikaguana wao kwa wao tangu siku ya kwanza, na nyumba nzima ilikwisha kuzoea kelele zao.

"Hapa umeruka!" Bosi alikuwa akisema huku kijiko kiko mdomoni.

"Sijaruka. Soma tena."

"Nimesoma. Umesema 'ni dhahiri.' Dhahiri kwa nani?"

"Kwa mtu mwenye macho, dada."

Fundi bomba, baba wa nyumba, alikuwa akicheka peke yake mpaka akohoe. Yeye alipenda kusema kwamba ndani ya nyumba hii kuna mafundi wawili, na bado bomba la jikoni linavuja na suruali yake haina kifungo. Lakini mwezi huo hakuwepo. Alikuwa mbali kwenye jengo la ghorofa, analaza mabomba, na sauti yake iliingia kwa simu tu, jioni, ikikatikakatika.

Jumamosi ya pambano la kuchuja wasichana waliondoka pamoja, kila mmoja na penseli mbili. Fundi akabaki na kitambaa. Alikata vizibao vitatu vya wale watatu. Kipande kilichobaki kikalala mezani kinamtazama.

Alijua mwanawe atashinda. Si kwa kuhesabu, bali kwa vile mama anavyojua. Nani aliyemfundisha Chaki sehemu na asilimia alipokuja hajui hata kupiga mstari? Bosi. Nani mwanachama wa kwanza wa chama katika nyumba hii? Bosi. Na saa nne na nusu, wakati watoto wako katikati ya karatasi yao, Fundi hakufungua hata daftari la vipimo. Kifua cha Bosi, mabega ya Bosi, kiuno cha Bosi, alivijua kwa kichwa. Akachora, akashika mkasi, akakata.

Fundi wa miaka kumi na tisa kazini. Anaambiwa usikate, anakata. Hakuna mwanafunzi wa ushonaji ambaye angefanya kosa hilo, maana mwanafunzi angeogopa.

*

Jumatatu Bosi aliingia wa kwanza, akapita moja kwa moja chumbani. Chaki akabaki mlangoni, viatu mkononi, hajui kama aingie au azunguke nyuma.

"Vipi?" Fundi akauliza. Mguu wake ulikuwa bado unakanyaga cherehani.

"Nimechaguliwa, mama mkubwa."

"Na dada yako?"

"Wa akiba. Amekosa kwa alama moja."

Mguu ukasimama. "Hongera," Fundi akasema, na neno lenyewe lilitoka limekunjwa. Kwa alama moja! Afadhali wangemshinda kwa ishirini, mtu akajua moja. Alama moja ni nini? Ni mwalimu kupiga chafya wakati anasahihisha.

Wateja wawili walikuwa kwenye benchi wanasubiri nguo zao. Chaki akaitwa kujaribu kizibao cha nne, na hapo ndipo Fundi alipojikuta ametegwa na mkasi wake mwenyewe. Chaki alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana. Kizibao kilimpanda juu ya kiuno, na vifungo vikawa vinatazamana kwa mbali kama watu waliogombana.

"Vuta pumzi," Fundi akaamuru.

"Nimevuta, mama mkubwa."

"Vuta tena! Mabega gani haya, ya mbeba zege?"

Wateja wakacheka. Mmoja akasema labda kizibao ni cha mdogo wake. Chaki naye akacheka kidogo, ile ya kuwasaidia wanaokucheka, na masikio yakamwiva.

"Si ulinipima, mama mkubwa?" akauliza taratibu.

"Kwa hiyo mimi sijui kupima?"

"Sikusema hivyo."

"Umenenepa tangu nilipokupima. Vua, kisije kikachanika."

Nyuma ya pazia la chumbani Bosi alikuwa amesimama, anasikia kila neno. Alijua hicho kizibao ni kipimo cha nani. Alikuwa amelia akamaliza, na sasa machozi yamekauka, kilichobaki ni wivu mtupu, mkavu, unaouma kama mchanga jichoni. Alimwonea wivu Chaki ile alama moja. Alimwonea wivu ule utulivu wake. Alimwonea wivu hata kizibao kisichomtosha, maana angalau kilikuwa kinavaliwa na mtu anayekwenda.

Mwalimu aliambiwa kesho yake kwamba kizibao kimekuwa kidogo na kitambaa kimekwisha. Fundi alitumaini nini? Alitumaini mwalimu atakuna kichwa na kusema, basi, nani kinamtosha? Lakini mwalimu alicheka tu. "Fundi, na wewe leo umekosea! Hamna neno. Mtoto anakwenda kufikiri, hendi kuonyesha mavazi. Atavaa sweta ya shule."

*

Siku hiyo hiyo ya Jumanne fomu za ruhusa zilikuja nyumbani, mbili: ya Chaki ya kwenda na ya Bosi ya akiba. Kila moja ilikuwa na namba yake, muhuri wa mkuu wa shule na tarehe ya mwisho, ya Ijumaa, na chini mstari mtupu: saini ya mzazi au mlezi, tarehe. Wasichana waliziweka kwa pamoja juu ya meza ya kukatia.

Fundi alichukua kalamu akasaini ya Bosi palepale. Akaishika ya Chaki. Akaitazama.

"Hii niwekee hapo. Mikono yangu ina mafuta ya cherehani."

Bosi alimtazama mama yake mikono. Ilikuwa mikavu.

"Sawa, mama mkubwa," Chaki akasema.

Jumatano Chaki alikumbusha kwa adabu. Fundi akajibu kwamba ana vizibao vitatu vya kumalizia kwa ajili ya hao hao wanahisabati, ama anataka waende vifua wazi? Alhamisi akakumbusha tena, akiwa ameinama anaokota pini sakafuni ili asionekane kama anadai. "Nimesema nitasaini," Fundi akamjibu. "Mbona unanisimamia kama askari?" Jioni hiyo alipofunga kazi aliichukua ile fomu kutoka chini ya mkasi, akavuta droo ya cherehani, ile yenye bobini na vifungo visivyo na wenzake, akaitia humo. Alijiambia ni ili isipate vumbi.

Fundi bomba alipiga simu, akaomba kuzungumza na Chaki. "Msafiri wangu!" sauti ikapasuka mpaka chumba kizima kikasikia. "Nikirudi Jumapili nataka hadithi yote. Umesaini makaratasi?"

"Mama mkubwa anasaini, baba mkubwa."

"Huyo ndiye mama! Nipe Bosi nimpe pole."

Bosi akatikisa kichwa. Pole yenyewe ndiyo alikuwa haitaki.

Usiku akili ya Fundi ilienda mbio kuliko cherehani. Alimpigia mdogo wake hesabu: yeye huko aliko, hajui hata bei ya daftari, na kesho kutwa atapigiwa simu na watu kupongezwa kwamba amezaa. Amezaa! Na mimi niliyelea nitaambiwa nini? Nitaambiwa fundi, kizibao kilikuwa kidogo.

*

Ijumaa shule ilifungwa mapema, na saa sita kasoro dakika chache mwalimu aliingia, jasho usoni, bahasha mkononi. Chaki alikuwa anapiga pasi vizibao. Bosi alikuwa anashona kifungo cha mwisho. Mama mmoja alikuwa amesimama na gauni lake la kupunguzwa, na hakuwa na haraka ya kuondoka.

"Vimetoka vizuri sana," mwalimu akasema akiviinua. "Haya, fomu. Watatu wameleta, na Bosi wa akiba alileta Jumatano. Chaki, yako iko wapi?"

Chaki akaweka pasi wima. Akamtazama mama yake mkubwa.

Fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Uzi ulipita mara ya kwanza. "Fomu gani?" akauliza.

Maneno mawili tu. Yalitoka laini kabisa, na baada ya kutoka hayakuwa na njia ya kurudi.

"Fomu ya ruhusa, Fundi. Waligawiwa Jumanne."

"Ya Bosi nimesaini. Ya huyu sikuiona. Mimi nilidhani ataniletea."

"Chaki?"

"Nilileta, mwalimu."

"Ulimpa nani?"

Chaki alifungua mdomo, na mtu yeyote mwenye macho angeona jibu limefika hadi kwenye meno. Halafu akatazama meza, kitanda cha kukunja alichokuwa akilalia kilichosimamishwa ukutani, sandali zake chini yake. Akameza. "Labda... labda niliiangusha."

"Labda!" Mwalimu alikasirika kikweli, maana alimpenda. "Mtu ambaye haruki hatua hata moja kwenye daftari, anaangusha karatasi ya safari? Mkuu ameshafunga ofisi, muhuri uko kabatini, majina natuma saa saba. Nitapata wapi fomu nyingine? Unajua nilivyokutetea?" Akamgeukia Bosi. "Wewe mkaguzi wake. Ulimwona akiileta nyumbani?"

Hapo sasa. Bosi alikuwa ameshika sindano, kifungo kimening'inia. Neno moja tu lilihitajika, naye alikuwa nalo. Lakini aliona pia basi la safari, kiti cha dirishani, kizibao cha samawati kilichokatwa kwa mwili wake. Aliona Chaki akirudi Jumapili na kila mtu amesimama mlangoni.

"Sikuona," akasema.

Mwalimu akashusha pumzi, akafuta jina moja kwenye bahasha, akaandika jingine. "Basi jiandae, Bosi. Saa kumi na mbili asubuhi, getini." Alipofika mlangoni akageuka. "Chaki, umenivunja moyo."

Yule mama wa gauni akatikisa kichwa na kusema watoto wa siku hizi hawatunzi vitu. Chaki akarudi kwenye pasi. Alikipiga pasi kizibao cha nne, kola, mabega, mpaka chini, hakuacha kunyanzi hata moja. Kisha akakitundika kwenye msumari juu ya kitanda cha dada yake.

*

Jumamosi Fundi alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Alimpa Chaki nyama mbili za ziada. Alimwambia mwakani pia kuna mashindano. Alimwambia apumzike, asifagie, kisha akaenda sokoni kununua zipu, akamwacha peke yake na shati la mteja la kushikiza mfuko.

Bobini ikaisha uzi. Chaki akavuta droo.

Karatasi ilikuwa imelala juu kabisa, haikufichwa hata kwa kitambaa, muhuri unang'aa. Alisoma jina lake. Alisoma namba. Alisoma mstari mtupu. Alikaa nayo mapajani muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akalia, si kwa sababu ya safari. Alikuwa amejilazimisha kuamini kwamba huenda kweli ilidondoka mezani ikafagiwa na vitambaa. Usiku mzima alikuwa ameirudia njia ya ile karatasi, kutoka shule hadi mezani, hatua kwa hatua, akitafuta pale alipokosea, na hakukuwa na kosa.

Akairudisha ilipokuwa, akachukua bobini, akafunga droo taratibu. Mfuko wa shati ukashonwa.

*

Jumapili jioni, jua bado lipo, Fundi bomba aliingia na mfuko wake wa spana na kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya zawadi. Alimpita mkewe, akampita kila kitu, akamshika Chaki mabega.

"Msafiri! Umerudi saa ngapi? Fungua, fungua." Ulikuwa mkebe wa hesabu, wenye bikari ya chuma. "Nilimwambia muuzaji, nataka ile ya watu wanaoshinda."

Chaki aliushika mkebe bila kuufungua. "Sikwenda, baba mkubwa. Fomu ilipotea. Amekwenda dada."

"Ilipotea? Ilipoteaje?"

Fundi aliinama kutafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwepo. "Ndiyo hivyo, watoto," akasema huko chini. "Nimekuchemshia maji ya kuoga."

Kabla hajauliza tena, Bosi akaingia. Kizibao kilikuwa kimemkaa barabara, hilo hakuna wa kulipinga. Baba yake akampokea kwa kelele, mama yake akamkumbatia mpaka begi likaanguka. Walikuwa wa saba kati ya shule thelathini. Kituo cha hali ya hewa kilikuwa na puto kubwa wanalolirusha angani. Chakula kilikuwa kizuri. Bosi aliyasema yote hayo akiwa amesimama, kama mtu anayesoma tangazo, macho hayatui kwa mtu.

"Hongera, dada," Chaki akasema. Halafu, maana hakuweza kujizuia: "Umekuja na maswali?"

Bosi alitoa karatasi mfukoni mwa kizibao. "La sita lilitushinda. Lilikuwa la wawili wawili, nami mkaguzi wangu hakujua kukagua. Kila nilichosema, 'sawa, sawa.'" Akasoma: mraba unakatwa kuwa miraba midogo, si lazima ilingane. Taja idadi zote zinazowezekana, na ueleze sababu. "Tulipata nne, saba, kumi, kumi na tatu. Tukakwama hapo."

Chaki alikwisha kuanza kutazama hewani. "Mbona mlikuwa mnakata katikati tu?" akasema. Akanyanyuka, akaenda kwenye cherehani, akavuta droo, akatoa karatasi, akaigeuza upande mweupe, akaketi mezani.

Hakuichukua kwa bahati mbaya. Madaftari yalikuwa matatu pale pale mezani. Fundi aliiona ile karatasi ikitoka, akaketi kwenye kiti cha cherehani.

"Tazama. Kata pindo kwanza," Chaki akasema, na penseli ikaanza kukimbia. "Mraba mmoja mkubwa pembeni hapa, theluthi mbili ya upande. Kinachobaki ni pindo la pande mbili. Ligawe. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Na ule mkubwa?"

"Sita," Bosi akasema. Akavuta kiti. "Na nane?"

"Pindo jembamba zaidi. Mkubwa mmoja, midogo saba."

"Na tisa?"

"Rudi kwenye sita, chukua mmoja, ukate vinne. Umepoteza mmoja, umepata minne. Kila ukifanya hivyo unaongeza tatu. Una sita, saba, nane. Ongeza tatu, tatu, tatu. Umefika popote."

"Tano?"

"Tano inakataa. Nakuandikia hapa pembeni kwa nini."

Bosi alijaribu kulivunja. Alijaribu kwa nguvu zake zote, kwa hasira, kama alivyokuwa akijaribu siku zote, na ilikuwa mara ya kwanza kwa siku sita wawili hao kuzungumza. Na Fundi, ambaye miaka mitatu alikuwa akisikia hesabu zao bila kuambulia kitu, safari hii alielewa. Alielewa kabla ya binti yake. Kipande kikubwa kwenye pembe, vidogo kwenye ukingo: ndivyo anavyokata kila siku ya maisha yake, mwili wa nguo kwanza, mifuko kwenye mabaki. Aliona kwamba hesabu ile ni sahihi, na kwamba ni nzuri, na kwamba hakuwahi kuiona hivyo. Alikuwa amechukua safari, amechukua kiti cha basi na puto la angani, akampa mwanawe. Na kile kitu chenyewe kilikuwa kimebaki palepale mezani, kichwani mwa mtoto wa mdogo wake, hakijapungua hata chembe.

"Sina pa kuvunja," Bosi akasema mwishowe. Akachukua kalamu atie saini ya mkaguzi, lakini michoro ilikuwa imejaza ukurasa wote. Akageuza karatasi kutafuta nafasi.

Aliusoma muhuri. Alilisoma jina. Uso wake ukabadilika rangi, akamtazama Chaki, na Chaki akamtazama bila kupepesa. Bosi aliandika kwenye ukingo, kwa herufi ndogo sana, "Nimekagua. Niliona." Akatia saini. Kisha akanyanyuka, akaipeleka karatasi hadi kwenye cherehani na kuiweka mbele ya mama yake, kalamu juu.

"Mama, na wewe. Nafasi yako bado iko wazi."

"Kwani siku hizi na mama ni mwanachama?" Fundi bomba akacheka, akivua viatu. "Karatasi gani hiyo?"

Chaki ndiye aliyejibu. "Swali la sita, baba mkubwa."

Fundi aliinua macho. Hata sasa mtoto huyu alikuwa anamfunika. Angependa azomewe, angependa asemwe mbele ya mumewe, apate na yeye cha kukasirikia. Alishika kalamu. Mikono yake, safari hii, ilikuwa inateleza kwa jasho. Akaandika jina lake juu ya mstari, mlezi, akafika kwenye nafasi ya pili.

"Leo tarehe ngapi?" akauliza, na sauti yake haikufika mbali.

Chaki akamtajia. Fundi akaiandika, tarehe ya Jumapili, chini ya tarehe ya Ijumaa iliyochapwa, mtu yeyote aweze kuona.

Chaki alikuja akaipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa katika nyumba hii kupokea kitu kwa mkubwa. "Ahsante, mama mkubwa." Akaikunja, akaitia ndani ya daftari lake, akalifunga, na mkebe mpya wa hesabu akauweka juu yake. Hakuirudisha kwenye droo.

Fundi alitaka kuiomba. Hakuiomba. Aliwatazama wale wawili wakiinama tena juu ya karatasi ya maswali, vichwa vinagusana, yule wake katika kizibao kilichomtosha na yule mwingine katika sweta kuukuu. Na Mungu amsamehe, aibu haikuwa ya kwanza kumfika. Cha kwanza kilichomfika, kikamchoma kuliko siku zote, ni kwamba mtoto yule alizaliwa na mdogo wake, si na yeye.